Sahihi za Wapiga Muziki na Msaada kwa Wahitaji

Wako walimu wa sharika waliotuuliza kama yafaa kuuza kitu chenye sahihi za waimbaji mashuhuri ili kupata fedha za kuwasaidia wahitaji. Swali lao si la bure, kwa kuwa kazi hii hufanywa sana Ulaya na Marekani, na vijana wetu wamekwisha kuisikia. Basi na tuitazame kwanza jinsi ilivyofanyika kwa wengine, ndipo tuseme yaliyotupata sisi.

Tarehe 26 Desemba 2004 nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, mawimbi makubwa yakainuka na kuvuka Bahari ya Hindi. Walikufa watu zaidi ya 220,000, wengi wao katika Indonesia, Sri Lanka, Uhindi na Thailand. Mawimbi yale yalifika hata huku kwetu. Katika Somalia yaliua watu na kuvunja vijiji vya wavuvi, na Dar es Salaam watu waliokuwa wakioga baharini walizama. Kwa hiyo habari tutakayoisimulia si ya watu wa mbali tu.

Baada ya msiba huo Bryan Adams, mwimbaji wa Kanada, alitwaa gitaa moja jeupe la Fender, la namna iitwayo Stratocaster, akawaomba wenzake watie sahihi juu yake. Wakatia Paul McCartney, Mick Jagger, Keith Richards, Eric Clapton, Jimmy Page, Brian May, David Gilmour, Mark Knopfler, Sting, na wengine pia. Gitaa jipya la namna hiyo mtu aweza kulipata dukani kwa dola elfu moja au mbili. Lakini hili jamaa ya mtawala wa Qatar walilinunua kwa dola 1,000,000, kisha wakalirudisha liuzwe tena. Mwezi wa Novemba 2005 likanadiwa mjini Doha, likapata dola 2,700,000, nazo fedha zikapewa chama cha msaada cha Qatar kiitwacho Reach Out to Asia.

Msomaji aliyewahi kusimama nje ya kanisa siku ya Mavuno atacheka asomapo hayo, maana ameyaona kwa macho yake. Mtu hununua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha humrudisha kwa dalali auzwe mara ya pili, na ya tatu, hata jogoo mwenyewe huchoka kubebwa miguu juu. Hakuna adhaniye ya kuwa jogoo yule amenenepa kati ya mnada na mnada. Kila mtu ajua bei ya nyama ni ipi, na ya kuwa ziada yake ni sadaka.

Lakini jogoo huliwa jioni ile ile, bali kitu chenye sahihi hukaa. Aliyekinunua aweza kukiweka miaka kumi, kisha akakiuza kwa faida. Ndiyo sababu twaona ya kwamba fedha yake ni nusu sadaka na nusu biashara, wala hatuoni haya kulisema. Mhitaji apatapo dawa haulizi moyo wa mtoaji ulikuwaje. Yampasa mtoaji mwenyewe kujiuliza.

Wengine huuza vyombo vyao wenyewe, si jina tu. Eric Clapton, ambaye zamani alikuwa mtumwa wa pombe na madawa ya kulevya, tarehe 24 Juni 1999 aliuza magitaa 100 katika mnada wa Christie's mjini New York, akapata karibu dola milioni 5 kwa ajili ya nyumba ya kuwatibu walevi aliyoianzisha kisiwani Antigua. Naye David Gilmour, tarehe 20 Juni 2019, aliuza magitaa yake zaidi ya 120 kwa jumla ya dola milioni 21 na zaidi. Moja tu, jeusi, lilinunuliwa kwa dola 3,975,000. Zote alizipeleka kwa wanasheria wa chama cha ClientEarth, wenye kuitetea nchi na hali yake ya hewa mbele ya mahakama.

Nasi Walutheri tusidhani ya kuwa jambo hili ni jipya. Handel, mzaliwa wa Halle aliyebatizwa katika kanisa la Kilutheri, alipiga Masihi yake tarehe 1 Mei 1750 katika kanisa la nyumba ya watoto waliotupwa mjini London. Watu walizidi nafasi, ikalazimu kuipiga tena tarehe 15. Katika wasia wake akawaachia nyumba ile nakala ya kazi hiyo pamoja na karatasi za waimbaji na wapigaji, ili waendelee kuiimba baada ya kufa kwake. Kwa miaka ile yote nyumba ilipata karibu pauni 7,000. Kwa maoni yetu zawadi hiyo yapita sahihi, maana sahihi huuzwa mara moja, bali wimbo huimbwa kila mwaka.

Sasa juu ya uongo, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Inajulikana ya kuwa wakati vijana wa Beatles walipozongwa na watu, wasaidizi wao Neil Aspinall na Mal Evans walitia sahihi nyingi badala yao. Hawakukusudia kuiba, walitaka kuwaridhisha watoto waliongojea mlangoni. Lakini karatasi hizo zikizungukazunguka sokoni huwa mtego. Ndiyo sababu wafanyao kazi hii kwa uaminifu humpiga picha mtu akitia sahihi, huandika tarehe na mahali, na kumpa mnunuzi barua yenye kueleza fedha zitakwenda wapi.

Sisi hatukufanya hivyo. Ilitujia kwaya ya wageni, tukawaomba waandike majina yao katika kitabu cha nyimbo, tukinadi kwa ajili ya mjane ambaye nyumba yake iliungua. Waimbaji wawili walikuwa wametangulia kwenye gari. Kijana wetu mmoja, asitake kitabu kionekane pungufu, akawaandikia yeye. Tuliona, tukanyamaza, tukasema moyoni kwamba ni majina tu. Mzee mmoja alikinunua kwa bei ya ndama. Baada ya wiki tatu akaja ofisini, akakifungua mezani, akatuonyesha ya kuwa majina mawili yana mkono mmoja. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Mchungaji, na mjane naye yupo?"

Tulimpeleka siku ile ile akaione nyumba, mabati yakiwa yamekwisha kupigwa. Tulitaka kumrudishia fedha, akakataa. Lakini kitabu hakukitaka tena. Kingali kabatini mwa ofisi ya usharika, na majina yale mawili tumeyapiga mstari.