Furaha katika Nyumba Yenye Kazi na Kelele Nyingi

Jogoo wa kwanza akiwika, mama wa nyumba huamka. Moto wa jana umezimika, hana budi kuuwasha upya. Mtoto mchanga alia. Mkubwa wake haoni kaptula ya shule. Mbuzi ameingia jikoni, naye amekula majani ya mihogo yaliyowekwa tayari kutwangwa kwa sombe. Baba auliza jembe lake liko wapi. Bibi mzee aomba maji ya moto. Mgeni abisha hodi kabla ya umande kukauka. Jioni mambo ni yale yale: kuni, maji, unga, bugali, ugomvi wa watoto, na moshi machoni. Mama akipiga magoti ili asali, mmoja amvuta nguo, mwingine amwita kutoka nje.

Mwenye kuishi hivyo aweza kudhani kwamba furaha ni mali ya watu wengine. Husema moyoni: «Padri husali kanisani kwa utulivu, watawa wana kengele yao na kikanisa chao, lakini mimi, nitampata Mungu wapi katika kelele hizi?» Hata mkatekumeni aweza kujiona hastahili ubatizo kwa sababu hiyo tu. Fundisho hili lajibu swali lake.

I. FURAHA NI NINI?

Furaha si kucheka mchana kutwa, wala si kukosa taabu. Pombe huleta kicheko cha usiku mmoja. Kesho yake nyumba ni ile ile, na deni limeongezeka. Furaha ya Kikristo ni amani ya moyo wa mtu ajuaye kwamba anapendwa na Mungu, na kwamba kazi aifanyayo kwa mapendo haipotei. Furaha hiyo yaweza kukaa pamoja na uchovu, hata pamoja na machozi.

Hapo ndipo wengi hukosea, maana wao hungoja. Husema: «Watoto wakikua, nitafurahi. Mavuno yakiisha, nitapumzika na kusali.» Lakini mavuno yakiisha, majira ya kulima huja tena, na watoto wakikua, huja wajukuu. Mwenye kungoja kelele ziishe ndipo afurahi, atangoja mpaka kaburini.

II. NYUMBA YA NAZARETI

Mwana wa Mungu alipokuja duniani, alikubali kulelewa katika nyumba ya fundi seremala, kijijini Nazareti. Injili ya Luka yasema kwamba alipoanza kazi yake ya kuhubiri, umri wake ulikuwa kama miaka 30. Basi sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani aliipitisha nyumbani, kati ya wazazi, jamaa na majirani, katika kazi za kila siku.

Nyumba hiyo takatifu nayo ilijua mahangaiko. Yezu alipokuwa na miaka 12, walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Wakati wa kurudi, msafara ulikuwa wa watu wengi. Maria na Yosefu walidhani kwamba mtoto yu pamoja na jamaa na rafiki, wakaenda mwendo wa siku nzima. Walipomtafuta, hawakumwona. Ikawapasa kurudi Yerusalemu, nao wakamkuta Hekaluni baada ya siku tatu. Mama aliyewahi kupotelewa na mtoto sokoni ajua jinsi moyo wa Maria ulivyokuwa siku hizo. Injili haikuficha hangaiko hilo. Kisha yasema kwamba walirudi Nazareti, na Yezu akawatii wazazi wake.

Basi, kuhangaika kwa ajili ya watoto si dhambi, na nyumba yenye mahangaiko si nyumba iliyoachwa na Mungu.

III. MFANO WA LOUIS NA ZÉLIE MARTIN

Labda mtu atasema: «Maria hakuwa na dhambi, na mtoto wake alikuwa Mungu. Sisi tu watu wa kawaida.» Basi, atazame nyumba nyingine, ya mji wa Alençon katika nchi ya Ufaransa.

Louis Martin alikuwa fundi wa saa. Zélie, mke wake, alikuwa na kazi ya lesi, yaani kitambaa chepesi sana kishonwacho kwa uzi na sindano. Wanawake wa mjini walishona vipande nyumbani mwao, kisha wakamletea. Naye aliviunganisha kwa mkono wake na kutafuta wanunuzi. Katika ujana wao, kila mmoja alitamani utawa: Louis alibisha hodi katika monasteri, Zélie kwa masista, wote wawili hawakupokewa. Walifunga ndoa mwaka 1858. Mungu aliwapa watoto 9, tangu mwaka 1860 hata 1873.

Mtu afikiri jinsi nyumba hiyo ilivyokuwa: watoto wengi, wafanyakazi wakiingia na kutoka, wateja wakidai kazi yao kwa haraka, ugonjwa huu leo na ule kesho. Zélie aliandika barua nyingi kwa ndugu zake na kwa binti zake waliokuwa shuleni. Zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Ndani yake hakujifanya kuwa malaika. Aliandika waziwazi kwamba amechoka, kwamba lesi yamtaabisha, kwamba Léonie, binti wa tatu, ni mgumu kulea. Lakini katika barua hizo hizo alisema pia kwamba watoto wao ndio waliokuwa furaha yao yote.

Kuna jambo dogo aliloliandika juu ya mtoto wa mwisho, Thérèse. Nyumba ilikuwa na ngazi ya kupanda juu. Kila alipokanyaga kidaraja kimoja, mtoto aliita: «Mama!» Mama asipomwitikia, yeye husimama pale pale, haendi mbele wala harudi nyuma. Vidaraja vyote hivyo, na kila kimoja kina mwito wake! Mama mwenye kazi mkononi angeweza kukasirika na kumnyamazisha. Zélie aliitikia, tena alisimulia jambo hilo katika barua kama mtu asimuliavyo jambo limpendezalo. Furaha yake haikungoja mtoto anyamaze. Aliipata katika kuitikia.

Mtoto huyo ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, ambaye Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni mwaka 1927. Na Léonie, aliyewasumbua wazazi, naye alikuwa mtawa, akadumu katika utawa mpaka kufa kwake mwaka 1941. Mama yake hakuiona siku hiyo. Alipanda, wengine wakavuna.

Yafaa pia kujua msalaba wao. Watoto 4 kati ya 9 walifariki wangali wadogo: wavulana wawili, mtoto mchanga mmoja, na Hélène aliyekuwa na miaka 5. Watu wengine walimwambia Zélie kwamba ingekuwa afadhali asingewazaa kamwe. Maneno hayo aliyakataa kabisa. Aliamini kwamba watoto wake hawakupotea, na kwamba atawaona tena mbinguni. Mzazi aliyemzika mtoto wake asiambiwe kwamba kulia ni kukosa imani. Zélie alilia. Lakini machozi hayakumfanya ajute kwa kuwa alipenda.

Zélie alifariki tarehe 28 Agosti 1877 kwa ugonjwa wa kansa ya ziwa, akiwa na miaka 45. Tarehe 18 Oktoba 2015, huko Roma, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandika yeye na mumewe pamoja katika hesabu ya watakatifu. Monasteri haikuwapokea, nyumba yenye kelele iliwafikisha.

IV. MAMBO MANNE YA KUFUATA

1. Kuitikia. Mtoto akiita, na aitikiwe kwa upole, hata kwa neno moja. Kumwitikia mtoto, kumpa mgonjwa maji, kumkaribisha mgeni, hayo yote yakifanywa kwa ajili ya Mungu ni sala.

2. Kugawana mzigo. Kazi ya lesi ilipozidi, Louis aliiacha duka yake ya saa mwaka 1870, akamsaidia mke wake. Hakuona aibu. Basi mume Mkristo asikae kivulini akingoja chakula, huku mke wake ana mtoto mgongoni, kuni kichwani na ndoo mkononi. Mwanamke hawezi kuwa na furaha ikiwa yeye peke yake ndiye punda wa nyumba. Watoto nao wafundishwe kazi mapema, wavulana kama wasichana.

3. Kuitunza Dominika. Louis alikataa kufungua duka siku ya Dominika, ingawa faida ilimpita. Siku hiyo ilikuwa ya Misa, ya kutembea pamoja na ya kucheza na watoto. Mkatekumeni naye na aache jembe siku hiyo, aende kusali pamoja na wenzake. Kisha akae na watu wa nyumbani mwake, awasikilize.

4. Kutumia maneno matatu. Mwaka 2016, katika waraka wake juu ya familia, uitwao Furaha ya Upendo, Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha maneno matatu yanayohitajiwa katika kila nyumba: naomba, asante, samahani. Mwenye kuomba bila kuamrisha, mwenye kushukuru kwa sahani ya bugali, mwenye kuomba radhi kabla ya kulala, huyo huifungulia furaha mlango. Baba na mama wayaseme kwanza, hata kwa watoto wao.

V. MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Je, furaha ya Kikristo ni kukosa taabu?
Jibu: Sivyo. Ni amani ya moyo wa mtu ajuaye kwamba anapendwa na Mungu. Yaweza kukaa pamoja na taabu.

Swali: Yezu aliipitisha wapi sehemu kubwa ya maisha yake duniani?
Jibu: Nyumbani na kijijini Nazareti, katika kazi za kila siku.

Swali: Je, mtu mwenye kazi nyingi nyumbani aweza kuwa mtakatifu?
Jibu: Aweza. Louis na Zélie Martin walipata utakatifu wakilea watoto na kufanya kazi.

Swali: Je, yafaa mke aachiwe mzigo wote wa nyumba kwa sababu Mkristo hupenda kuvumilia?
Jibu: Haifai. Mapendo hugawana mzigo.

VI. AZIMIO LA JUMA HILI

Kila jioni, kabla moto haujafifia, watu wa nyumba wakusanyike. Mtoto mchanga akilia, na alie. Bibi akisinzia, na asinzie. Wafanye ishara ya msalaba na kusali Baba Yetu pamoja. Kisha kila mmoja, tangu mzee hata mtoto, ataje jambo moja la siku hiyo alilomshukuru Mungu. Atakayesema, «Leo mbuzi hakula sombe yetu,» huyo naye amesali vema.