Haradali: Gugu Alilolichagua Yesu



Mwezi uliopita niliandika barua ya kuachia uongozi wa kikundi chetu cha vijana parokiani. Tulianza zaidi ya thelathini. Sasa hivi Jumamosi tunakutana watano, na mmoja wao ni mdogo wangu, ambaye kusema kweli namvuta kwa soda. Barua ilikuwa tayari, ila zamu ya kufundisha ilikuwa yangu, na somo lilikuwa mfano wa punje ya haradali. Nilikereka. Tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza nilizoea picha ya mti mkubwa kama mbuyu, na mimi nilikuwa na watu watano.

Basi nikaanza kuusoma mmea wenyewe. Jamani, haradali si mti!

Wataalamu wengi wanaona Yesu alikuwa anazungumzia haradali nyeusi, ambayo mpaka leo inajiotea porini Galilaya. Ni ndugu wa sukuma wiki. Ukiiacha sukuma wiki izeeke mpaka itoe maua ya njano yenye petali nne, umeshaiona sura yake. Mvua za baridi zikinyesha kule, inachipua. Inarefuka kumpita mtu, mita mbili na zaidi. Kiangazi kikifika, imekauka. Haimalizi mwaka.

Wakulima wa zamani waliijua kwa usumbufu. Plinio, mwandishi Mroma wa karne ya kwanza, alieleza kwamba ukishaipanda ni kazi kuiondoa, maana mbegu ikianguka tu inaota. Sasa fungua Luka 13:19. Yule mtu anaitia bustanini kwake! (Mathayo anasema shambani.) Na waliomsikiliza Yesu walimjua mwerezi wa Ezekieli 17, ambao ndege wa kila aina wanakaa chini yake. Yesu anawachukua ndege hao anawaleta kwenye gugu.

Ndege wenyewe si mapambo ya hadithi. Chiriku wanakula mbegu zake, nyuki wanafuata maua. Ila mimi nilinasa kwenye jani. Ndani yake kuna sinigrini na kimeng'enya, kila kimoja kimehifadhiwa mahali pake. Mdudu akitafuna, vinachanganyika, unatoka ule ukali unaopanda mpaka puani. Wadudu wengi wanakimbia. Lakini kipepeo mweupe wa kabeji anaitumia sumu hiyohiyo kutambua pa kutagia mayai, na viwavi wake wanaila bila shida. Viwavi nao wanaliwa na ndege na nyigu. Yaani mmea unajilinda kabisa, na bado unalisha mtaa mzima.

Tusiipambe mno, lakini. Kule California, Marekani, ambako ililetwa na wageni, imevamia vilima, inasonga mimea ya asili, na ikikauka inachochea moto. Kinachofaa Galilaya si lazima kifae kila mahali. Hilo nalo nililiandika kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa nimeiga ratiba nzima ya kikundi cha parokia nyingine ya mjini na kuwalazimisha wenzangu waifuate.

Halafu nikakutana na William Beal. Mwaka 1879 huko Michigan, mtaalamu huyu wa mimea alijaza chupa mchanga na mbegu za magugu mbalimbali, akazifukia, ili zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi kuona zipi bado ziko hai. Haradali nyeusi ilikuwemo. Zaidi ya miaka 40 baadaye, baadhi ya mbegu zake bado ziliota. Beal mwenyewe alifariki mwaka 1924. Nilikaa na habari hiyo usiku ule, nikawafikiria wale ishirini na kitu walioacha kuja, ambao nilikuwa nimeshawafuta hata kwenye orodha ya simu.

Jumamosi nikafundisha. Nilileta tawi la sukuma wiki lenye maua kutoka kwa mama, tukalipitisha mkono kwa mkono. Yule dada ambaye huwa hasemi kitu akauliza, "Sasa ikikauka kiangazi, wale ndege wanaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimempa yeye zamu ya wiki ijayo. Barua bado iko ndani ya daftari, sijaipeleka kwa paroko, na jana nimetuma meseji kumi na mbili. Wawili wamejibu.