Kwa Nini Waya wa Tairi Huvutwa Majini

Ndani ya tairi la lori mna nyuzi za feleji zenye unene wa milimita 0.3 hivi. Nyingi huanzia kwenye waya wa milimita 1.8 au karibu na hapo, unaovutwa kupitia chamburo: kipande cha kabaidi ya tangsteni au almasi chenye tundu linalokwenda likifinyika. Sonara huvuta dhahabu vivyo hivyo, kwa koleo na nguvu za mkono.

Tuanze na jambo moja: chuma kikivutwa, ujazo wake haupungui. Kinachotoka kwenye unene huingia kwenye urefu. Kipenyo kikishuka mara 6, eneo la mkato hushuka mara 36, kwa hiyo mita 1 huzaa mita 36. Waya ukitoka kwa kasi ya mita 18 kwa sekunde, uliingia kwa nusu mita tu.

Mbona basi tusitumie tundu moja? Kwa sababu kinachouvuta waya mnene ni waya huohuo, tena ile sehemu iliyokwisha kukonda. Ukizidisha nguvu, uzi uliotoka utakatika kabla ule wa nyuma haujapita. Hata tukifuta msuguano wote, na tukachukulia kwamba chuma hakikakamai kinapovutwa, hesabu huweka kikomo: kupunguza asilimia 63 ya eneo la mkato kwa mvuto mmoja. Kiwandani hakuna anayethubutu kufika huko. Ukipunguza asilimia 16 kila hatua, unahitaji machamburo 21 hivi, yakifuatana.

Hapa ndipo penye utamu. Kila hatua waya hukimbia zaidi ya hatua iliyotangulia, kwa takriban asilimia 19. Ndiyo maana ngoma zinazouvuta zina ngazi: ndogo kwa waya mnene, kubwa kwa mwembamba. Lakini matundu hulika na kupanuka, kila moja kwa wakati wake, wala ngazi hazibadiliki kuyafuata. Dawa ni utelezi. Ngoma huzunguka kwa kasi kuliko waya. Waya ukilegea, huteleza juu yake. Ukikazika, hushikwa tena. Ngoma ya mwisho pekee ndiyo haitelezi, nayo huamua mwendo wa mashine nzima. Mimi naona ni ubunifu mkubwa: mashine hujirekebisha bila kuambiwa.

Gharama yake ni joto. Feleji iliyovutwa ikizidi nyuzijoto 200 hivi za Selsiasi huanza kupoteza unyumbufu na kukatika ovyo. Kwa hiyo ngoma na machamburo huzamishwa katika maji yenye mafuta na sabuni, ambayo pampu huyazungusha yapozwe. Waya mnene zaidi huvutwa mkavu, kwa unga wa sabuni.

Uzi wa tairi huwa umepakwa aloi ya shaba na zinki, ambayo huulainisha tunduni na baadaye huungana na salfa iliyomo kwenye mpira. Mmoja tu wa milimita 0.3 hubeba takriban kilo 20. Adui yake ni unyevu, maana hushika kutu upesi. Ukiona nyuzi zimechomoza kwenye tairi lako, libadilishe kabla ya safari.