Mdogo wangu, usimpelekee mama hukumu ya Freud

Hebu weka simu chini kidogo, mdogo wangu. Nasikia mnavyobandikana majina siku hizi huko Iringo na Mwisenge. Kijana akiwa mkimya, ana majeraha ya utotoni. Binti akikataa posa, ana shida na baba yake. Umesoma kurasa mbili za saikolojia chuoni, tayari umekuwa mganga wa mtaa mzima! Sikulaumu sana. Nadharia hizi ni tamu, na ukishazionja kila mtu unamwona yumo kitabuni.

Ila mnazichanganya. Mnadhani Freud, Adler, Jung na Erikson ni watu wanne waliosema neno moja. Mzizi wao ni mmoja, kweli: mtu husukumwa na mambo ya ndani asiyoyajua, na utoto hauishi kwa sababu tu umeota ndevu. Baada ya hapo waligombana. Adler aliachana na Freud mwaka 1911, na Jung mwaka 1913.

Freud, daktari wa Vienna, aliona ndani ya mtu mna ugomvi wa watatu: tamaa inayotaka sasa hivi, dhamiri inayokaripia, na msuluhishi anayehangaika katikati huku akiitazama dunia ilivyo. Kwake, mengi huwa yameshaamuliwa kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza. Wazee waliposema samaki mkunje angali mbichi, hawakuwa mbali naye. Adler akasema usiniulize tu mtu katokea wapi, niulize anakimbilia wapi. Kila mtoto huanza akijiona mdogo na dhaifu, na tabia yake ni namna anavyopambana na udogo huo. Ndiyo maana alitaka kujua wewe ni wa ngapi kuzaliwa. Jung alichimba chini zaidi ya utoto, akitafuta picha ambazo binadamu wote wamerithi. Mwaka 1925 alifika hadi Mlima Elgon akiwauliza wazee ndoto zao. Karen Horney, ambaye mimi nampenda bila kificho, alimjibu Freud juu ya wanawake: kama mwanamke anamwonea wivu mwanamume, anaionea wivu nafasi aliyopewa, si maumbile yake. Erikson naye akakataa mlango kufungwa utotoni. Akahesabu hatua 8 hadi uzeeni, na ya umri wako wewe ni kujua wewe ni nani. Kwa hiyo usishangae unavyovurugika. Ndiyo kazi ya umri wako.

Ukiambiwa uzilinganishe nadharia hizi, usinipangie majina na tarehe tu. Sema kila mmoja anauliza nini na anakosa nini. Wavu wa dagaa na wavu wa sangara hutupwa ziwa lile lile, na kila mmoja hurudi na chake.

Chukua mtu tunayemjua wote hapa Mara. Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa 5 kati ya wake 22. Freud angekwenda moja kwa moja kwa baba. Adler angeuliza mtoto anafanyaje hadi aonekane katika boma lenye watoto wengi namna ile. Erikson, ambaye aliandika vitabu vizima juu ya Luther na Gandhi kwa njia hii, angesubiri hadi 1934, mtoto anapoanza shule Mwisenge, na hadi 1943, anapobatizwa na kuitwa Julius. Kati ya Uzanaki, Ukatoliki na shule ya Mwingereza, kijana huyu anaamua kuwa nani? Maswali mazuri yote. Majibu, hata hivyo, ni ya kukisia, na hapo ndipo ugonjwa wa nadharia hizi ulipo. Mtoto akiwa mkali, alimwogopa baba yake. Akiwa mpole, alimwogopa baba yake. Maelezo yanayoshinda pande zote mbili yatilie shaka, mdogo wangu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Wapo wanaoniambia, "Dada, mama aliniacha kwa bibi nikiwa na miaka miwili, ndiyo maana siwezi kupenda." Pole. Maumivu hayo si uongo. Lakini hebu tuvuke ziwa. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa akiwatembelea majumbani akina mama 26 wa Kiganda, vijijini karibu na Kampala. Hakumlaza mtu kwenye kochi akumbuke ya zamani. Alikaa akatazama: mtoto analia lini, akiogopa anamkimbilia nani. Mama aliyekuwa mwepesi kumsoma mtoto wake, mtoto alitulia, akathubutu hata kutambaa mbali naye kwenda kuchungulia mambo. Na watoto hawakumshikilia mama peke yake. Wengine walimshikilia baba, wengine bibi.

Basi kabla hujasema uliachwa, jiulize bibi alikuitikiaje ulipolia usiku. Kama alikuitikia, ulikuwa na mtu, na huyo ni wa kuhesabiwa. Mama naye muulize, kwa sauti ya mtoto, siyo ya mwendesha mashtaka, mwaka ule alikuwa wapi na alikuwa na nani wa kumsaidia. Huenda alikuwa mwaloni Mwigobero anaanika dagaa ili upate chakula. Huenda pia alikosea, na jibu likakuchoma. Hilo nalo hutokea, na Freud hatakubembeleza. Likikuchoma, mtafute mshauri chuoni au muuguzi unayemwamini, ukae naye uongee hadi machozi yakauke. Ila usiliweke kwenye status, kwa sababu mama mdogo naye anasoma, na kabla ya jioni Butiama nzima itakuwa imeshamhukumu mama yako.