Sumu ya Gome Kwenye Ncha ya Neva

Msuli haujikunji bila kuamriwa. Amri hutoka katika ubongo au uti wa mgongo na kusafiri kwa umeme ndani ya neva, ambayo ni uzi mrefu na mwembamba wa seli hai, hadi kwenye msuli. Lakini ncha ya neva haiugusi msuli. Kati yake kuna mwanya wa nanomita 50 hivi, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Umeme wa neva hauwezi kuuvuka mwanya huo, kwa hiyo amri huvushwa kwa kemikali. Mahali hapo panaitwa kiungo cha neva na msuli.

Kemikali yenyewe ni asetilikolini. Huhifadhiwa ndani ya ncha ya neva katika vifuko vidogo mno, na kila kifuko kina maelfu ya molekuli zake. Umeme ukifika, milango ya kalisi iliyo kwenye utando wa neva hufunguka na kalisi huingia kutoka nje. Kuingia huko ndiko kunakovifanya vifuko viungane na utando na kumwaga asetilikolini mwanyani. Kisha milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, umeme hutulia, na milango ya kalisi hujifunga.

Mwaka 1952, Paul Fatt na Bernard Katz walieleza jambo waliloliona katika misuli ya chura: hata neva ikiwa imetulia, msuli hupata mitikisiko midogo ya umeme, mmoja mmoja. Baadaye ilifahamika kwamba kila mtikisiko ni kifuko kimoja kilichomwagika. Hapa msomaji atulie kidogo, kwa sababu yanayofuata yote yamesimama juu ya hili. Idadi ya mitikisiko hutueleza habari za neva inayomwaga. Ukubwa wa kila mtikisiko hutueleza zaidi habari za msuli unaopokea. Mtu aliye chini ya paa la bati akisikia matone yamekuwa machache, atajua mvua inakatika. Akisikia kila tone limefifia, atalichunguza paa.

Kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, hufifisha kila mtikisiko, maana huziba vipokezi vya asetilikolini upande wa msuli.

Tusendanini ni habari nyingine. Hupatikana katika gome la Melia toosendan, mti wa China wa ukoo mmoja na mwarobaini, ambao gome lake limetumika tangu zamani kutoa minyoo tumboni. Sumu hii ikiwekwa kwenye kiungo cha neva na msuli, mitikisiko kwanza huongezeka, kisha hupungua, na mwishowe neva hata ikiamriwa haimwagi asetilikolini ya kutosha kuukunja msuli. Muda wote huo ukubwa wa kila mtikisiko haubadiliki. Basi kilichoguswa ni neva.

Kwa nini umwagaji uongezeke kabla ya kukoma? Tusendanini huzuia milango ya potasiamu na huongeza kalisi inayoingia. Umeme ukichelewa kutulia, kalisi huzidi kuingia na vifuko huzidi kumwagika. Inadhaniwa kwamba kalisi hiyo ikikaa kwa wingi ndani ya ncha huharibu mitambo ileile ya kumwaga. Kipimo kikizidi, misuli ya kupumua hulegea, na mgonjwa anaweza kufa.

Ajabu ya sumu hii imo katika uhusiano wake na sumu ya botulini, inayotengenezwa na bakteria. Botulini nayo huzuia umwagaji, ila kwa njia tofauti: kipande chake huingia ndani ya neva, na katika aina A hukata protini iitwayo SNAP-25, ambayo vifuko huihitaji ili viungane na utando. Watafiti wa Shanghai waligundua kwamba wanyama waliopewa botulini waliweza kuokolewa kwa tusendanini, mradi wapewe mapema. Majaribio ya baadaye yalionyesha sababu mojawapo: tusendanini hukizuia kipande hicho kisipenye utando na kuifikia protini.