Dawa za Wazee na Dawa za Hospitali

Mkulima, ikiwa unakaa na mzee nyumbani, somo hili ni lako.

Hapa Kwa Vonza, kama kwingineko Ukambani, wako wazee wasioikataa hospitali wala kuyaacha ya zamani. Asubuhi humeza vidonge vya daktari, na jioni hunywa maji ya mwarobaini, au ya kiluma, yaani mshubiri. Usiwacheke. Walikua wakati zahanati ilipokuwa mbali, na mundu mue alikuwa jirani aliyemjua mgonjwa na ukoo wake.

Tena miti ina nguvu kweli. Kwinini, dawa ya malaria, ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini. Dawa mseto itolewayo leo ilianzia katika pakanga ya Uchina. Bibi Tu Youyou, aliyeichunguza, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa hizo zilipimwa kwanza: kiasi gani huponya, na kiasi gani hudhuru. Mizizi iliyochemshwa nyumbani haina kipimo hicho. Leo maji yake ni mepesi, kesho ni makali.

Utomvu wa kiluma huharisha sana, na mzee akiharisha hupungukiwa maji upesi. Mwarobaini waweza kushusha sukari ya damu. Aliyekwisha kumeza kidonge cha sukari aweza kuzimia. Na hatari kubwa zaidi ni kuacha vidonge vya presha kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Presha hupanda bila maumivu, kisha huleta kiharusi.

Basi fanya hivi:

1. Muulize mzee kwa adabu anakunywa dawa gani. Ukimgombeza, ataficha.

2. Siku ya kliniki chukueni jani au gome lenyewe, mmwonyeshe daktari.

3. Mzee asiache vidonge bila shauri la daktari.

4. Mtoto mwenye homa, au mtu aliyeumwa na nyoka, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto asinyweshwe kamwe mafuta ya mwarobaini.

5. Unapofyeka shamba lako la skimu, muulize mzee ni miti ipi ya dawa, uibakize. Usibambue gome kuzunguka mti wote, maana utakauka.

Mzee akiheshimiwa atasema anachokunywa. Na daktari akijua, ataweza kumsaidia.