JICHO LINALORUKA



Somo la leo ni juu ya ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ile watu wanayoiita droni. Mlio ukisikika juu ya Kiwanja, wengine wanakimbia nje kutazama, wengine wanakimbia ndani kujificha. Basi tujifunze: ni kitu gani hiki, na kazi yake ni nini?

1. Inarukaje?

Rubani yuko, ila amebaki chini. Anaiongoza kwa mawimbi ya redio. Ndani mna chombo kinachopima namna ndege inavyoinama, na kingine kinachopokea alama za satelaiti ili ndege ijue iko wapi. Kamera inatazama chini. Mlima ukiingia katikati ya ndege na rubani, mawimbi yanaweza kukatika. Ndiyo maana inajaribiwa kwanza: karibu halafu mbali, penye utulivu halafu penye upepo.

2. Wanafunzi wa Zanzibar

Mwaka 2016 serikali ya Zanzibar ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka juu, ili kupata ramani mpya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walishiriki katika kuzirusha. Droni zao zilikuwa nyepesi, hata kilo moja hazikufika, na mtu alizirusha kwa mkono tu. Walipima zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Vijana kama sisi!

3. Goma

Tarehe 3 Desemba 2013, ONU ilizindua droni zake mjini Goma. Ilikuwa mara ya kwanza ONU yenyewe kuzitumia katika kazi ya kulinda amani. Aina yake ni Falco, kutoka Italia, mabawa yake karibu mita 7. Hazikuwa na silaha, zilikuwa na kamera. Mwezi wa Mei 2014 moja iliona mashua imezama katika Ziwa Kivu na watu wako majini. Boti zikatumwa haraka, watu zaidi ya 10 wakaokolewa.

Tuangalie vizuri hapo. Droni haikumvuta mtu hata mmoja kutoka majini. Iliona tu. Waliookoa ni watu wenye boti, waliokubali kwenda.

4. Fundisho kwetu

Wazazi wetu wanakumbuka Novemba 2008. Hapa Kiwanja watu wasiopungua 150 waliuawa, na kambi ya askari wa ONU ilikuwa karibu sana. Wakati ule droni hazikuwako, lakini macho yalikuwako. Kilichokosekana ni mkono.

Kwa hiyo tusiseme, "Tukipata mashine, tutakuwa salama." Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anafundisha kwamba jicho haliwezi kuukataa mkono. Anayetaka kusoma ufundi huu chuo kikuu, asome kwa bidii hesabu na fizikia. Lakini ajiulize pia: picha hii nitampelekea nani, naye atafanya nini?

Maswali ya kuzungumza darasani:
a) Kwa nini milima inasumbua mawimbi ya redio?
b) Droni ingesaidia nini mashambani kwetu?
c) Ni nani mwenye haki ya kutazama picha za nyumba zetu?